Mgeni Aliye Ndani ya Picha: Uhakiki wa Usimulizi wa Filamu katika Kumbi Ndogo za Sinema Jijini Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inahakiki nafasi ya msimulizi wa filamu, maarufu kwa jina la DJ, katika kumbi ndogo za sinema jijini Dar es Salaam, hususan Kariakoo na maeneo yanayopakana nayo. Msimulizi huyu amechunguzwa zaidi na wanaanthropolojia na wanahistoria kuliko wahakiki wa fasihi ya Kiswahili. Kwa kutumia mtazamo wa Mulokozi kuhusu fasihi simulizi kama tukio, makala inadai kwamba msimulizi wa filamu ni fanani kamili anapokuwa mbele ya hadhira yake, lakini sifa hiyo hupungua sauti yake inaporekodiwa na kuuzwa. Dai hilo linapimwa kwa filamu ya katuni The Lion King, vipindi vya katuni vya Ubongo, na filamu ya Maangamizi. Makala inahitimisha kwamba usimulizi wa filamu unastahili kuhakikiwa kama matini, kwa kusifiwa unapostahili na kukosolewa unapokosea, kabla kumbukumbu zake hazijapotea.

1.0 Utangulizi

Matamasha ya filamu, yakiwemo ya filamu za katuni, yana desturi iliyozoeleka. Filamu huoneshwa mpaka mwisho, taa huwashwa, kisha mgeni mwalikwa, aghalabu mwongozaji au mchoraji, huitwa mbele kuzungumza na watazamaji. Desturi hiyo imezoeleka katika matamasha makubwa kama lile la Annecy, Ufaransa, ambalo limejikita katika filamu za katuni tangu mwaka 1960, na pia katika Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar lililoanza mwaka 1998. Katika utaratibu huo filamu ni kazi iliyokwisha kukamilika, na mgeni huja kuieleza.

Katika kibanda cha video cha Dar es Salaam, ambacho wenyeji hukiita pia kibandaumiza, utaratibu ni tofauti. Mgeni hasubiri taa ziwashwe. Huzungumza picha ikiwa inaendelea, huwatafsiria watazamaji maneno ya wahusika, huwapa wahusika majina mapya, huonya, hucheka, na hutoa hukumu juu ya mwenendo wao. Mtazamaji aliyelipa kiingilio huja kwa ajili ya filamu na kwa ajili ya sauti hiyo pia. Mgeni wa tamasha hukaa nje ya picha, ilhali huyu wa kibandani yumo ndani yake.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala hii. Swali linaloulizwa ni hili: je, maneno ya msimulizi wa filamu ni kelele iliyopachikwa juu ya kazi ya mtu mwingine, au ni kazi ya sanaa ya lugha inayostahili kuhakikiwa kwa vigezo vya fasihi ya Kiswahili? Jibu lina uzito. Likiwa la kwanza, sehemu kubwa ya maisha ya lugha ya Kiswahili mjini kwa zaidi ya miongo miwili itabaki nje ya historia ya fasihi yake.

2.0 Usuli: kutoka Avalon hadi kibandani

Dar es Salaam ilikuwa na utamaduni mpana wa kwenda sinema muda mrefu kabla ya ujio wa video. Majumba ya katikati ya jiji, kama vile Avalon, Empire, Empress, Odeon na New Chox, pamoja na Amana ya Ilala, yaliwakutanisha watu wa matabaka na asili mbalimbali. Mwaka 1966 lilifunguliwa pia jumba la wazi la kutazamia filamu ndani ya magari, ambalo liliacha jina la Drive-In katika eneo lake. Fair (2018), katika utafiti wake kuhusu watazamaji na wenye majumba ya sinema nchini Tanzania, anaonesha kwamba majumba hayo yalikuwa sehemu ya mazungumzo ya jamii: watu walitoka ukumbini wakiendelea kujadili mapenzi, wajibu na haki kwa kurejelea filamu za Kihindi na nyinginezo.

Filamu hizo hazikuwa za Kiswahili, hivyo haja ya mfasiri ilikuwapo tangu mwanzo. Hata serikali ya kikoloni iliitambua. Jaribio la filamu za elimu lililofanyika kati ya 1935 na 1937, likiwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, lilionesha filamu vijijini huku maelezo yakitolewa kwa lugha za wenyeji. Magari ya sinema yaliyofuata baadaye nayo yalikuwa na mzungumzaji wake. Jambo hili ni la kuzingatiwa, kwa kuwa sauti inayosikika kando ya picha haikuanza kama uvamizi wa wachuuzi wa mjini. Ilianza ikiwa rasmi, ikiwa na kipaza sauti cha serikali.

Baada ya Uhuru, Shirika la Filamu Tanzania lililoanzishwa mwaka 1968 lilipewa dhamana ya kuingiza na kusambaza filamu. Kufikia miaka ya 1980 uchumi ulikuwa mgumu na kanda za video zilikuwa zimeanza kuenea. Televisheni nayo ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, takriban miaka ishirini baada ya Zanzibar. Katika mazingira hayo majumba makubwa yalififia mojamoja, na nafasi yao ikachukuliwa na vyumba vidogo vyenye mabenchi, televisheni na deki. Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ukawa kitovu cha biashara ya kanda, baadaye diski, na hatimaye faili zinazonakiliwa kwenye flashi katika maduka yanayoitwa maktaba za video.

Humo ndimo alimochipukia msimulizi. Jina linalotajwa zaidi katika tafiti ni la Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Krings, aliyeandika juu ya sanaa hii kwa kina, anamweleza kuwa miongoni mwa waanzilishi waliotoka katika kusimulia papo kwa papo na kuingia katika kurekodi sauti zao juu ya kanda za kuuza. Sanaa hii ina ndugu zake. Uganda ina wasimulizi wanaoitwa VJ, na Japani, katika enzi ya filamu zisizo na sauti, ilikuwa na wasimulizi wa ukumbini walioitwa benshi, ambao baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji. Hata hivyo, kuwapo kwa ndugu hakuondoi haja ya kumtazama msimulizi wa Dar es Salaam kwa macho ya fasihi ya Kiswahili yenyewe.

3.0 Kiunzi cha uhakiki

Mulokozi (1989, 1996) anaitazama fasihi simulizi kama tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Umuhimu wa mtazamo huu ni kwamba unauondoa uzito kwenye maneno peke yake na kuuweka kwenye uhusiano baina ya anayetenda na wanaotendewa. Hadithi iliyoandikwa kitabuni na hadithi hiyohiyo iliyotambwa barazani ni vitu viwili.

Mambo hayo sita yanapatikana kibandani bila kulazimishwa. Fanani ni msimulizi. Hadhira ipo, nayo hujibu, hubisha na humkumbusha msimulizi alichosahau. Fani ni usimulizi wenye tafsiri, ufafanuzi na maoni. Tukio ni onesho lenye saa yake na kiingilio chake. Mahali ni chumba kinachojulikana mtaani, na wakati ni jioni baada ya kazi au mchana wa mwisho wa juma. Kuna nyongeza moja tu: picha. Fanani wa barazani huchora picha kwa maneno, ilhali huyu wa kibandani hukuta picha imekwisha kuchorwa na hulazimika kutafuta nafasi ya maneno yake ndani ya mwendo asioutawala. Hawezi kuirefusha pale hadhira inapotaka zaidi, wala kuikatiza pale inapochoka. Nyongeza hiyo haimwondolei ufanani, bali humwekea mipaka mipya, kama vile mizani inavyomwekea mipaka mshairi.

Ni lazima kutofautisha hali mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni usimulizi wa papo kwa papo. Ya pili ni usimulizi uliorekodiwa, ambao mtazamaji huununua na kuutazama nyumbani. Katika hali ya pili hadhira haipo wakati wa utendaji. Msimulizi huibuni hadhira yake, huisalimu, huitajia duka lake, na kuiuliza maswali asiyoweza kusikia majibu yake. Ong (1982) anauita usimulizi wa vyombo vya kielektroniki kuwa ni usimulizi wa awamu ya pili, yaani unaosikika kama mazungumzo ilhali umeandaliwa kama maandishi. Kwa mantiki hiyo, dai kwamba msimulizi ni fanani linasimama wima katika hali ya kwanza, na linahitaji kupunguzwa makali katika hali ya pili.

4.0 Uhakiki wa mifano

4.1 Katuni na sauti isiyo na mwili

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya msimulizi ni kwamba hufunika sauti halisi ya mwigizaji. Hoja hiyo ina nguvu katika filamu za waigizaji, ambamo pumzi, kigugumizi na kilio ni sehemu ya uigizaji. Lakini katika filamu ya katuni hoja hiyo inapoteza nusu ya nguvu zake. Mchoro hauna koo. Kila sauti inayosikika katika katuni imetolewa na mtu aliyekuwa chumbani mbele ya kipaza sauti, na kisha kuunganishwa na mdomo uliochorwa. Sauti ya katuni huongezwa siku zote, na swali linalobaki ni nani ameiongeza, kwa lugha gani, na kwa ajili ya nani.

The Lion King (1994) ni mfano unaofaa kwa kuwa filamu hiyo imekopa Kiswahili bila kukizungumza. Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi na Sarabi ni maneno yenye maana kwa msemaji wa Kiswahili. Kwa mtazamaji wa Chicago hayo ni majina ya kigeni yenye mlio wa kuvutia. Kwa mtoto wa Kariakoo hali ni kinyume: majina ndiyo anayoyaelewa, na mazungumzo ndiyo ya kigeni. Tena majina yenyewe yanamletea tatizo. Simba anayeitwa Simba miongoni mwa simba ni sawa na mtu anayeitwa Mtu. Shenzi, kwa msikilizaji wa Kiingereza, ni jina tu la fisi jike. Kwa msemaji wa Kiswahili ni tusi lenye historia ya watu wa pwani kuwadharau watu wa bara, na historia ya mkoloni kulichukua tusi hilo na kulitumia kwa wote wawili.

Msimulizi anapokutana na filamu ya namna hii ana njia tatu. Anaweza kuyaacha majina kama yalivyo na kuachia hadhira icheke. Anaweza kuyafafanua. Anaweza pia kuyabadilisha, akampa fisi jina la mtaani na simba mtoto jina la mtoto. Kila njia ni uamuzi wa kifasihi. Njia ya tatu, ambayo wasimulizi wamejulikana kwayo katika filamu za aina nyingi, huiondoa filamu katika pori lisilo na mahali na kuiingiza katika ulimwengu wa ngano, ambako hadhira tayari inamjua fisi kuwa mlafi na sungura kuwa mjanja. Hapo hadhira haifundishwi wahusika wapya. Hurudishiwa wa kwake, wakiwa wamevaa rangi za mgeni.

Kuna upande wa pili wa mfano huu. Kampuni ya Disney ilisajili maneno ya Kiswahili yaliyo katika wimbo maarufu wa filamu hiyo, hakuna matata, kuwa alama ya biashara ya mavazi nchini Marekani, na mwaka 2018 jambo hilo lilizua malalamiko ya hadhara Afrika Mashariki na kwingineko. Usajili huo haumzuii mtu kuyatamka maneno hayo. Kisheria unahusu bidhaa. Hata hivyo, ukiwekwa kando ya msimulizi wa Kariakoo unaonesha ukosefu wa mizani. Anayechukua maneno ya Kiswahili na kuyatia katika picha hulindwa na sheria. Anayechukua picha na kuitia maneno ya Kiswahili huwa mkosaji mbele ya sheria.

4.2 Katuni zilizozaliwa na sauti zake

Ingefikiriwa kwamba dawa ya tatizo hili ni katuni zinazotengenezwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Dar es Salaam inazo. Ubongo Kids, iliyoanza kuoneshwa TBC1 mwaka 2014, na Akili and Me iliyofuata kwa watoto wadogo zaidi, zilibuniwa jijini humo. Kibena, Koba, Kiduchu, Amani na Baraka huzungumza Kiswahili bila mpatanishi, na hesabu na sayansi huwafikia watoto kwa nyimbo na vituko.

Kilicho muhimu kwa hoja ya makala hii ni kwamba watengenezaji hao nao walihisi pengo la hadhira. Katika vipindi vya mwanzo watoto waliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Maana yake ni kwamba hata pale lugha ilipokuwa ya hadhira yenyewe, picha peke yake haikutosha, na njia ya kujibu ilipaswa kutafutwa. Kibandani njia hiyo haihitaji simu. Mtoto husema, na msimulizi humsikia.

Hata hivyo, ulinganisho huu haumpi msimulizi ushindi wa moja kwa moja. Sauti nyingi za Ubongo zinawatofautisha wahusika kwa umri, jinsia na tabia. Msimulizi ni mmoja, na sauti yake moja huwabeba wote. Msimulizi hodari hubadili kasi, kiimbo na msamiati ili mzee asisikike kama mtoto. Msimulizi dhaifu huwafanya wahusika wote kuwa yeye. Aidha, muziki, ambao katika katuni hufanya nusu ya kazi ya kusimulia, mara nyingi hufunikwa. Hapa uhakiki una jambo la kusema, na ni hasara kwamba haujalisema vya kutosha.

4.3 Maangamizi na Tenzi za Sinema

Mfano wa tatu unatoka nje ya katuni, lakini ndio unaoijaribu hoja kwa ukali zaidi. Maangamizi (2001), filamu iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Inamhusu Asira, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani, na Samehe, mgonjwa aliyekaa miaka mingi bila kutamka neno. Mtazamaji wa Kiswahili hulisikia agizo ndani ya jina la mgonjwa kabla mgonjwa mwenyewe hajasema kitu.

Mwaka 2023 kikundi cha Ajabu Ajabu cha Dar es Salaam kilitoa filamu fupi ya hali halisi, Tenzi za Sinema, inayowafuata watendakazi wa sinema jijini, akiwemo msimulizi DJ Black, katika harakati za kuionesha Maangamizi kwa watazamaji wa nyumbani. Jina la filamu hiyo lina uzito wake. Neno tenzi linawaweka wasimulizi katika utanzu wa masimulizi marefu ya Kiswahili, wala si katika orodha ya wachuuzi.

Uamuzi wa kumkabidhi msimulizi filamu ambayo kiini chake ni ukimya ni wa kijasiri, na una hatari. Katika filamu ya mapigano, ukimya ni nafasi tupu inayomngoja msimulizi. Katika Maangamizi, ukimya wa Samehe ndio usemi wake. Msimulizi akiujaza, anamponya mgonjwa kabla ya daktari. Akiuacha, anavunja mazoea ya hadhira yake, ambayo imezoea sauti isiyokoma. Hiki ndicho kipimo cha juu kabisa cha sanaa hii: fanani hujulikana kwa maneno anayoyachagua, lakini hukomaa kwa mahali anapochagua kunyamaza. Watambaji wa ngano walilijua hilo, na kituo kabla ya kutaja jina la jini kilikuwa sehemu ya hadithi.

5.0 Hoja za kupinga

Hoja nzito ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuidhinisha tafsiri na marekebisho ya kazi yake, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka filamu zikaguliwe na kumbi zipewe leseni. Wasanii wa filamu za Kiswahili wamelalamika kwa haki kwamba diski za bei rahisi za filamu za nje zinaua soko lao, na mwaka 2017 baadhi yao waliandamana Kariakoo kulipinga jambo hilo. Makala hii haidai kwamba ubora wa kisanaa unafuta wajibu wa kisheria. Inadai tu kwamba haya ni maswali mawili. Kazi inaweza kuwa haina kibali na bado ikawa fasihi. Kuiita fasihi hakumpi mtendaji wake kibali, na kumnyima kibali hakuifanyi isiwe fasihi.

Hoja ya pili ni ya lugha. Hudaiwa kwamba msimulizi hutumia Kiswahili cha mitaani, hupotosha maana, na hutia mizaha inayowadhalilisha wanawake na wageni. Shutuma hizo hazipaswi kupuuzwa, hasa pale hadhira inapokuwa ya watoto. Lakini shutuma ni mwanzo wa uhakiki. Riwaya yenye dhihaka chafu huhakikiwa, huoneshwa kosa lake, na hubaki kwenye rafu kama ushahidi wa wakati wake. Msimulizi amehukumiwa bila kusomwa.

Hoja ya tatu ni ya wakati: kwamba simu za mkononi na intaneti zimekwisha kuiua sanaa hii, hivyo hakuna cha kuhakiki. Hoja hiyo inageuka dhidi ya wenye kuitoa. Ikiwa sanaa inafifia, haja ya kuihifadhi inaongezeka. Kanda za video huota ukungu, diski huchubuka, na faili kwenye flashi hufutwa ili kupisha nyingine. Usimulizi wa papo kwa papo haukuacha hata hayo.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kibanda cha video ni mahali pa utendaji wa fasihi simulizi kwa maana kamili ya Mulokozi, na kwamba msimulizi aliyerekodiwa anahitaji kiunzi kilichorekebishwa. Imeonesha pia kwamba katuni, kwa asili yake ya kuwa picha isiyo na sauti yake yenyewe, ndiyo inayodhoofisha zaidi hoja ya kwamba msimulizi huiharibu kazi. Kwa upande mwingine Maangamizi imeonesha mpaka wa sanaa hiyo, kwani kuna kazi ambazo msimulizi huzihudumia vema zaidi kwa kunyamaza.

Kutokana na matokeo hayo, mhakiki wa usimulizi wa filamu anashauriwa kuuliza maswali matatu: msimulizi ameongeza nini ambacho picha haikuwa nacho, amefunika nini ambacho picha ilikihitaji, na hadhira ilimjibu vipi. Swali la tatu haliwezi kujibiwa maktabani. Linamtaka mtafiti alipe kiingilio, akae kwenye benchi, na kuinukuu sauti ya msimulizi pamoja na sauti za wanaomjibu, kama watangulizi wake walivyozinukuu ngano na tenzi vijijini. Ngano hizo zilinukuliwa kwa sababu mtu fulani aliamua kwamba wazee waliozisema walikuwa wasanii. Uamuzi kama huo bado haujafanywa kwa msimulizi wa Kariakoo, na wanaoweza kuufanya ni wale wanaotahini na kuandika tasnifu za Kiswahili.